Mteja Anayekula Kama Mgeni

Nyama ilikuwa imefichwa chini ya Yorkshire pudding. Nilipoinua sahani, kile kiandazi kikavu chenye shimo katikati ambacho Waingereza hukila na nyama ya kuoka kila Jumapili kiliteleza, nikaona vipande vitatu vya nyama ya ng'ombe havijaguswa. Mchuzi ulikuwa umeganda, mafuta yamefanya utando mweupe ukingoni. Dakika ishirini kabla nilikuwa nimesimama mbele ya meza hiyo hiyo nikauliza swali ambalo kila mhudumu wa Uingereza huuliza: kila kitu kiko sawa? Yule mama, mtu wa umri wa bibi yangu, alinitazama akatabasamu. "Kitamu sana, asante." Mumewe akaitikia kwa kichwa huku anatafuna kiazi.

Jumatano yake meneja aliniita jikoni akanionyesha simu, maoni ya yule mama mtandaoni. Nyota moja. Nyama ya baridi, mchuzi wa baridi, wahudumu hawajali. Upande ule wa ukumbi siku ile nilikuwa peke yangu, kwa hiyo hao "wahudumu" walikuwa mimi. Nikanyimwa zamu za Jumapili kwa mwezi mzima, na Jumapili ndiyo siku ya bakshishi. Mpishi aliyeziacha sahani zikapoa dirishani hakuulizwa neno. Nililia chooni siku hiyo, kisha nikanawa uso nikarudi ukumbini kuuliza meza nyingine kama kila kitu kiko sawa.

Miaka imepita na yule mama simlaumu. Lakini swali lake sijaliacha: kwa nini mtu aliyelipia chakula, katika nchi ambayo sheria iko upande wake, aone ni afadhali kuficha nyama kuliko kusema imepoa? Nimefanya kazi katika migahawa ya huku, nimekula katika mingi zaidi, na jibu ninaloliona ni hili. Mwingereza akikaa mezani anajiona mgeni. Anakula kama mtu aliyekaribishwa nyumbani kwa watu.

Kwetu tofauti hiyo tunaijua vizuri. Mgeni akipewa wali wenye mawe atatafuna taratibu, atasema nimeshiba, alhamdulillahi, na habari ya mawe ataenda nayo kwao. Kumwambia mwenyeji wali wake una mawe ni kumvunjia heshima, kwa sababu hakukuuzia, amekupa. Lakini mtu huyo huyo kesho akikaa kwenye benchi la mama ntilie atasema bila kupepesa macho, "Mama, nyama hii ngumu, nibadilishie," na mama atachukua upawa, atambadilishia, na pengine atamwongezea mchuzi juu yake. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Wanaelewana kwamba pale kuna biashara, na biashara ina maneno yake.

Katika migahawa mingi ya Uingereza maneno hayo yamepotea mezani. Yamehamia kwenye simu, baada ya watu kufika nyumbani, wakati hakuna tena kinachoweza kupashwa moto.

Sidhani kwamba Mwingereza amezaliwa hivyo. Ziko sababu, na mojawapo ni ya juzi tu katika historia. Kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, nchi hii ilikula kwa mgawo tangu Januari 1940 hadi Julai 1954. Kuanzia 1942 mgahawa, hata wa matajiri, haukuruhusiwa kutoza zaidi ya shilingi 5 kwa mlo, na amri hiyo ilidumu mpaka 1950. Serikali yenyewe ilifungua kumbi za chakula cha bei nafuu, na waziri mkuu Winston Churchill ndiye aliyependekeza ziitwe Migahawa ya Kiingereza, maana aliona jina la awali lilinuka umaskini. Kufikia 1943 zilikuwa zaidi ya 2,000. Mtu anachukua trei, anapanga foleni, anapewa nyama kidogo, viazi vingi na kabichi iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa, analipa senti zake, anakaa. Nani angelalamika kuhusu kabichi wakati meli za chakula zinazamishwa baharini? Kulalamikia chakula kulikuwa aibu. Watu waliolelewa na kizazi hicho ndio hao ninaowahudumia leo wakiwa na mvi, na wao wamelea wengine.

Mtu aliyejaribu kuwatoa katika ukimya huo alikuwa Raymond Postgate, mwandishi wa habari na msoshalisti. Alichoshwa na chakula kibaya cha hotelini kiasi cha kutaka kiundwe chama cha kuzuia ukatili dhidi ya chakula, kama vile vyama vya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama. Mwaka 1951, mgawo ukiwa bado haujaisha, alitoa The Good Food Guide, kitabu kilichoorodhesha mahali pazuri pa kula kwa kutegemea barua za wateja wa kawaida. Hakikupokea matangazo wala chakula cha bure. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa shule au karani wa posta alikuwa na sauti kuhusu sahani aliyoilipia, na mimi naihesabu kazi ile kuwa miongoni mwa mambo bora yaliyowahi kufanyiwa mlaji wa nchi hii. Hata hivyo ilikuwa sauti ya barua. Mteja alikula, akaenda zake, akaandika. Tabia ya kusema baadaye ilipata heshima yake hapo, na intaneti ilipokuja ikaikuta iko tayari inasubiri.

Tunajua intaneti ilivyoifanya. Mwaka 2017 kijana mmoja, Oobah Butler, aliamua kuandikisha kibanda cha uani kwao, Dulwich, kusini mwa London, kama mgahawa kwenye TripAdvisor, mtandao ambako wateja huandika maoni yao. Mgahawa haukuwepo. Jiko halikuwepo. Marafiki wakaandika sifa, simu zikaanza kuita, naye akajibu kila mmoja kwamba nafasi zimejaa. Mnamo Novemba kibanda kile kilikuwa namba moja kati ya migahawa yote ya London kwenye mtandao huo. Alipokubali hatimaye kupokea watu usiku mmoja, aliwapa vyakula vya dukani vya kupasha kwenye maikrowevu, na baadhi yao waliuliza kama wanaweza kurudi tena. Tangu Aprili 2025 sheria ya Uingereza imepiga marufuku waziwazi maoni ya uongo ya wateja, na mamlaka ya ushindani wa biashara imepewa meno ya kutoza faini bila kupitia mahakamani kwanza. Ni hatua njema. Lakini hata maoni ya kweli kabisa, kama ya yule mama wa Jumapili, yana kasoro ile ile: yanafika wakati hayawezi tena kumsaidia aliyeyaandika.

Sasa niingie kwenye pabu, baa ya Kiingereza, kwa sababu huko ndiko nilikopata jambo lililonifanya niandike makala hii.

Pabu ni nyumba. Jina lenyewe limefupishwa kutoka maneno yenye maana ya nyumba ya umma, na mwenye kuiendesha bado huitwa mwenye nyumba. Ina zulia, ina moto wa kuni wakati wa baridi, mara nyingine ina mbwa aliyelala katikati ya njia na kila mtu anamruka. Ungetegemea basi kwamba hapo ndipo ugeni ungekuwa mkubwa zaidi. Mimi si mnywaji, lakini nimesimama nyuma ya kaunta ya pabu miezi kadhaa, na nilichokiona ni kinyume. Wanaume wale wale ambao ukumbini wangemeza mfupa bila kusema, kaunta walikuwa wakweli kama watoto.

Bia ya pipa ya kienyeji, ile inayovutwa kwa mkono kutoka stoo ya chini, ni kitu hai. Hamira yake bado inafanya kazi ndani ya pipa, na pipa likishafunguliwa lina siku tatu hivi za uzima kabla bia haijaanza kuchacha. Mteja akionja na kusikia uchachu wa siki, anarudisha glasi kaunta. Haombi radhi sana, hapigi kelele. Anasema, "Hii nadhani imekwisha." Mwenye nyumba anaipeleka puani, anaonja kidogo, anatikisa kichwa, anamwaga, anamvutia nyingine ya pipa jingine, na pale pale anageuza kibao cha jina la ile bia ili mtu mwingine asiiagize. Sekunde arobaini zimetosha. Aliyelalamika amepata kinywaji kizuri, waliokuwa nyuma yake wameokolewa, na mwenye nyumba amejua hali ya pipa lake. Hata povu lina utaratibu: kipimo cha glasi kubwa ni mililita 568, mwongozo wa wafanyabiashara wa bia unataka kimiminika kisipungue asilimia 95 yake, na mteja akiomba aongezewe anaongezewa bila uso kukunjwa.

Kwa nini ulimi unafunguka kaunta na kufungwa mezani? Nimeliwaza hili sana. Kaunta wote wawili wamesimama, macho kwa macho. Anayepokea malalamiko ndiye mwenye uwezo wa kuyamaliza. Hahitaji kwenda jikoni kubembeleza. Mteja ameonja tonge la kwanza, kwa maana ya funda la kwanza, na wala hajafika nusu akaona aibu kwamba amekwishakula. Na kuna desturi inayojulikana na kila mtu, maneno yake mafupi yamekwishatengenezwa, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuwa jasiri. Pabu ina desturi nyingi za namna hiyo. Hakuna foleni ya kuonekana, lakini kila aliyesimama anajua nani kamtangulia, na mhudumu akikosea, yule aliyeitwa mwenyewe atasema, "Huyu alikuwa kabla yangu." Hakuna anayeacha bakshishi ya sarafu, anayetaka kukushukuru atasema, "na kimoja chako," utajikatia bei ya kinywaji. Haki inatendeka kwa sababu njia yake imechongwa tangu zamani.

Mezani njia hiyo haikuchongwa. Tulifundishwa kanuni ya dakika mbili au matonge mawili: chakula kikishafika, rudi mezani haraka uulize. Kanuni nzuri. Swali lenyewe ndilo bovu. "Kila kitu kiko sawa?" ni swali lililokwishajijibu. Kulijibu "hapana" ni kuiharibu meza nzima, ni kumsimamisha rafiki aliyekuwa anasimulia habari za mtoto wake, ni kuonekana msumbufu mbele ya mchumba. Baada ya ile nyota moja nilibadilisha swali. Nikawa nasema, "Nyama bado ina moto?" Au, "Viazi vimekauka, nikuongezee mchuzi?" Na watu wale wale, Waingereza wale wale, wakaanza kusema. "Kwa kweli imepoa kidogo." "Ungeweza kuniletea mchuzi?" Sahani zilirudi jikoni, mpishi alinuna, lakini zilirudi mezani zikifuka moshi. Katika miezi iliyobaki sikuitwa tena kuonyeshwa simu.

Ndiyo maana nina wasiwasi na kule tunakoelekea. Tangu janga la korona, pabu na migahawa mingi imeweka msimbo wa QR juu ya meza. Unapiga picha, unachagua, unalipa kwa kadi kabla hujaonja chochote, na mtu analeta sahani anaiweka anaondoka. Naelewa faida yake. Kwa mama mwenye watoto watatu asiyeweza kuacha meza, au mtu asiyejiamini kwa Kiingereza, ni nafuu ya kweli, na wako Waswahili wengi niwajuao waliopumua walipoona picha na bei bila kulazimika kuuliza. Lakini kaunta imeondolewa. Ile sehemu pekee ambapo Mwingereza alikuwa mteja kamili imegeuzwa kioo cha simu, na pesa imekwishatoka mfukoni. Mara nyingine hata ada ya huduma imeongezwa kwa huduma uliyojifanyia mwenyewe.

Ada hiyo inahitaji maneno yake. London hasa, bili nyingi za mgahawa zinakuja na asilimia 12.5 ya ziada, na pembeni yake kwa herufi ndogo imeandikwa kwamba ni ya hiari. Hiari maana yake hiari: ukisema iondolewe, inaondolewa, huhitaji sababu. Wengi wetu tunailipa tukidhani ni kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ni kitu kingine, asilimia 20, nayo imekwishaingizwa ndani ya bei. Ndiyo inayofanya muuzaji wa mkahawa wa kahawa akuulize kama unakula hapo au unaondoka nacho, kwa kuwa sandwichi ya baridi ya kuondoka nayo kwa kawaida haitozwi kodi hiyo, na ile ile ukiikalia kwenye kiti chao inatozwa.

Kwa miaka mingi mteja aliyelipa ada ya huduma hakujua inaishia wapi. Nimefanya kazi mahali ambapo sehemu ya ada ilibaki ofisini, tukaambiwa ni ya glasi zinazovunjika. Tangu Oktoba 2009 ilikuwa marufuku kutumia bakshishi kumfikisha mfanyakazi kwenye kima cha chini cha mshahara, lakini hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mwajiri atoe yote. Sheria hiyo ilipitishwa 2023 na ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, England, Scotland na Wales: bakshishi na ada ya huduma vyote ni vya wafanyakazi, na vigawanywe kwa haki. Hili limenifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Na pia limebadilisha uzito wa mkono wa mteja. Ukikerwa na chakula kilichochelewa saa nzima ukaondoa ile asilimia 12.5 bila kusema lolote, hujamgusa mwenye mgahawa. Umemgusa aliyekuletea maji.

Nayo maji, tukiwa hapo hapo, ni haki yako. Mahali penye leseni ya kuuza pombe ya kunywea ndani lazima patoe maji ya bomba bure kwa mteja anayeyaomba. Nimeona wageni kutoka kwetu wakinunua chupa ya pauni tatu kwa kuogopa kuonekana maskini. Omba maji ya bomba. Mezani kwa mwanasheria na mezani kwa fundi bomba wanaomba hayo hayo.

Sheria ya haki za mlaji ya 2015 inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, na kilichouzwa kilingane na kilivyoelezwa. Huduma ikipungua, njia ya kwanza inayotajwa ni kurekebishwa: irudiwe ifanywe ipasavyo. Ikishindikana ndipo inakuja habari ya kupunguziwa bei. Yaani hata waliotunga sheria walimchukulia mteja kuwa mtu atakayesema angali pale. Nyama iliyofichwa chini ya pudding haina sheria ya kuitetea.

Ukimya ukihusu nyama iliyopoa, hasara yake ni ndogo. Upo ukimya unaoua. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uliojazwa mboga katika uwanja wa ndege wa Heathrow. Ndani ya unga wake kulikuwa na ufuta, na karatasi ya nje haikusema. Alikuwa na mzio wa ufuta, akafariki siku hiyo hiyo. Wazazi wake walipigana mpaka sheria ikabadilishwa: tangu Oktoba 2021 chakula kilichofungwa pale pale dukani lazima kiwe na orodha kamili ya viambato, na vile vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio vikolezwe wino. Mwaka uliofuata kifo cha Natasha, kijana aitwaye Owen Carey alikwenda kula baga ya kuku jijini London siku aliyotimiza miaka 18. Yeye hakunyamaza. Alimwambia mhudumu kwamba ana mzio wa maziwa. Kuku alikuwa amelazwa katika mtindi, na hakuna aliyemwambia, naye akafariki. Kisa hicho kinanikumbusha kwamba siwezi kumtupia mteja mzigo wote. Anayesema anahitaji anayesikia, na anayesikia anahitaji kujua kilichomo ndani ya sufuria. Mwongozo wa wakala wa viwango vya chakula wa 2025 unahimiza vyote viwili kwa pamoja, taarifa iandikwe na mazungumzo yafanyike mezani, na kwa maoni yangu ule mwongozo ungepaswa kuwa sheria kesho asubuhi.

Wakala huo huo ndio wenye zile namba za usafi, 0 hadi 5, na 5 ndiyo bora, kwenye kibandiko cha kijani na cheusi mlangoni. Wales tangu 2013 na Ireland Kaskazini tangu 2016, mwenye mgahawa analazimika kukibandika. England halazimiki. Kwa hiyo ukiwa Cardiff, Wales, ukaona 2 mlangoni, unajua. Ukiwa Birmingham, England, ukaona mlango mtupu, inabidi utafute mwenyewe kwenye tovuti, na namba ipo. Sioni sababu yoyote ya maana kwa nini mlaji wa Birmingham afichwe anachoonyeshwa mlaji wa Cardiff.

Kwa Mswahili Mwislamu kuuliza ni lazima zaidi, na huku nasema na ndugu zangu moja kwa moja. Samaki na chipsi, chakula tunachokimbilia tukidhani ni salama, katika maduka mengi ya Yorkshire hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na hao ng'ombe hawakuchinjwa tunavyotaka sisi. Samaki wa pabu mara nyingi amevikwa unga uliokorogwa kwa bia. Pai ya nyama huenda imepikwa kwa bia pia, na staftahi kamili ya Kiingereza ina nyama ya nguruwe mahali pawili au patatu kwenye sahani moja. Hakuna mhudumu wa nchi hii atakayekuona wa ajabu ukimuuliza mnakaangia mafuta gani. Nimewahi kuulizwa swali hilo na Wahindu, Wayahudi na vijana wasiokula nyama, na kila mara nilikwenda jikoni kuuliza. Walionipa shida walikuwa wale walioagiza kimya, wakaona, wakasukuma sahani, wakakaa na njaa.

Leicester nilikwenda kumtembelea binamu yangu, Jumamosi moja ya mvua, akanipeleka Belgrave Road. Barabara hii waliijenga upya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, alipowapa siku 90 waondoke. Uingereza ilipokea takriban watu 28,000. Halmashauri ya mji wa Leicester ilinunua tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije, nao wakaja. Leo kwenye kadi za vyakula vya mtaa ule, na vya Wembley na Harrow huko London pia, utakuta neno "mogo": vipande vya kukaanga, vimepakwa pilipili na ndimu. Ni muhogo wetu. Umesafiri ukapoteza silabi njiani. Mishkaki nayo imeandikwa mishkaki, na kuku wa nazi ni kuku paka, kama Mombasa.

Tulikuwa tunaongea Kiswahili na binamu yangu, na bibi mmoja wa Kihindi aliyekaa meza ya jirani, sari ya kijivu, koti la mvua begani, akageuka.

"Watoka wapi, mwanangu?"

"Tanga, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Jinja. Nimezaliwa Jinja." Akasema mto uko karibu na kwao, na miembe. Hakusema zaidi kuhusu Jinja.

Chai yake ikaletwa. Aliigusa kwa mdomo mara moja, akairudisha kwenye kisosi, akainua mkono. Kijana wa mgahawa, pengine wa miaka ishirini, Kiingereza chake cha Leicester kabisa, akaja. Bibi akamwambia kwa Kigujarati maneno mawili matatu, akigusa kikombe kwa mgongo wa kidole. Kijana hakuomba radhi mara kumi na bibi hakutabasamu ili kumpooza. Kikombe kikachukuliwa. Meza zote zilizotuzunguka ziliendelea kula. Kilirudi baada ya dakika tatu hivi, mvuke unapanda, kijana akasimama pale pale akingoja.

Bibi alimimina chai kidogo kwenye kisosi, akakiinua kwa vidole vya mikono yote miwili, akapuliza, akanywa.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa chai," akasema, na kwa mkono akamruhusu kijana aende.